Kitufe cha Kuandikisha

Kompyuta ilipowashwa kwa mara ya kwanza nyumbani kwa Adventina, mtaa wa Musinzira, mjini Gitega, kitu cha kwanza alichoandika kilikuwa jina lake. Nadhani ndivyo wengi wetu tunavyofanya. Mtu akipewa kalamu ngeni huijaribu kwa jina, kwa sababu ndilo neno ambalo mkono haukosei. Aliandika kwa kidole kimoja, akiitafuta kila herufi kama anayechagua mawe kwenye mchele. Alipomaliza aliinua mkono, akatazama. Chini ya jina lake ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba, uliojikunjakunja kama mnyoo.

Alisukuma kiti nyuma. Nyumbani hapakuwa na mtu. Fredi, mumewe, fundi mwashi, alikuwa Mutaho akijenga ghala la watu, na watoto walikuwa shule. Alisimama mbali kidogo na meza, mikono imebana kanga kifuani, akautazama ule mstari. Wazo lililomjia halikuwa kwamba amekosea herufi. Wazo lililomjia ni kwamba mashine imejua.

Kwa maana jina lile halikuwa lake.

Mwaka wa tisini na tatu, watu walipokuwa wakikimbilia Tanzania, mama yake, Kasilda, alivuka mpaka akiwa na mtoto mmoja tu mgongoni. Mtoto huyo alikuwa Adventina mwenyewe, yatima wa dada yake Kasilda. Binti yake wa kumzaa, Jeska, alikuwa ameachwa kwa bibi, upande mwingine wa mlima, na njia ya kumfuata ilikuwa imefungwa. Kambini waliandikwa wawili: Kasilda, na mtoto Adventina. Jeska alifika baadaye, ameshikwa mkono na watu wasiomjua vizuri, na alipofika uandikishaji ulikuwa umesimamishwa. Mtoto asiyeandikishwa hakuwa na unga wala maharage, na zahanati haikumpokea. Msimu mzima wasichana wale wawili walikula posho ya mmoja. Kisha ikaja surua, ikamchukua Adventina. Kasilda alimzika mtoto wa dada yake alfajiri, akarudi, akamshika binti yake mabega kabla hata hajafuta machozi, akamwambia kwamba tangu leo anaitwa Adventina, na akisikia mtu akiita Jeska asigeuke.

Hakugeuka. Kwa jina hilo alidungwa chanjo, akasoma, akapata cheti cha ualimu, akaolewa kanisani. Siku ya kurudi Burundi waliwekwa kwenye foleni iliyoishia kwenye meza moja. Juu ya meza palikuwa na kibao chenye neno ENREGISTREMENT, uandikishaji, na nyuma ya kibao mwanamume mwenye kompyuta aliyeuliza jina bila kuinua uso, “Nom?” Alijibu kama alivyofundishwa. Mwanamume alibonyeza kitu, akasema wapite. Kifaransa cha Adventina kilikuwa cha kufaulia mitihani tu, hakikuwa cha kuishi nacho, lakini neno lile lilimwingia mwilini. Kwake lilikuwa mlango: ukisema uongo unapita, ukisema kweli unarudishwa.

Sasa mlango huo ulikuwa umekuja kukaa mezani kwake, karibu na chupa ya chai.

Hakuwa ameiomba. Alikuwa akifundisha Kiswahili katika shule moja ya mtaani, na kwa Kiswahili hakuna aliyemfikia. Wenzake walimwita Mtanzania, mara kwa mzaha, mara kwa kijicho. Lakini Direkta wa shule, bwana mmoja mnene aitwaye Gervasi, aliwakusanya walimu akawaambia kwamba mitihani ya kuandikwa kwa mkono imekwisha. Kila mwalimu ataandaa wake kwenye kompyuta, na asiyeweza, somo lake litapewa mwenzake anayeweza. Alimtazama Adventina aliposema hivyo, au pengine hakumtazama. Mwalimu mmoja kijana, mwenye Kiswahili cha kuungaunga lakini vidole vyepesi, alitabasamu. Tarehe iliwekwa: Jumatatu, kabla ya kengele. Adventina hakuwa na somo jingine la kufundisha. Wakimnyang'anya Kiswahili, wamemtoa shuleni.

Ndipo Fredi akaenda kwa mfanyabiashara mmoja wa Muyinga akarudi na kompyuta kuukuu ya kukunja, imefungwa katika blanketi, akaiweka mezani kwa fahari, akaondoka kwenda Mutaho.

Aliyemsaidia ni Hidaya, jirani wa ukuta kwa ukuta, mshona nguo, ambaye mumewe Houssein alikuwa na kiduka cha fotokopi karibu na soko. Hidaya aliingia na sindano zikiwa bado zimechomekwa kifuani, akavuta kigoda, akautazama mstari mwekundu, akacheka.

“Mwalimu, njo hii unaogopa? Iko haijui Kiswahili. Iko najua Kifaransa tu.”

Akaandika jina lake mwenyewe, Hidaya. Mstari ukatokea.

“Unaona? Na mi basi banifunge.” Akaandika Marie. Mstari haukutokea. “Aa, huyu iko na papier zake. Huyu bamuache apite.”

Alikuwa anatania kuhusu vitambulisho. Adventina aliendelea kuutazama mstari ulio chini ya jina lake. Hidaya akamwonyesha ukurasa, jinsi ya kukoleza kichwa cha habari, jinsi ya kushuka mstari, jinsi ya kufuta. Mwisho akaweka kidole juu, kwenye pembe, mahali palipokuwa na kitufe cha bluu. Alipokisogezea mshale, neno lake likajitokeza: Enregistrer, kuandikisha, neno lile lile la kwenye kibao.

“Ukimaliza, unafinya hapa. Usisahau.”

Adventina aliuliza inaandikisha wapi. Hidaya akajibu kwamba ni ndani ya mashine. Akauliza ni nani anayesoma. Hidaya akageuka kumtazama, akidhani anadhihakiwa.

“We Mtanzania uko na maswali mingi. Bwana yangu anasema siku hizi vitu vyote vinapanda mu mawingu. Labda ni bamalaika banasoma.”

Akaenda zake kushona. Hakujua alichokiacha nyuma yake. Kwake lilikuwa neno la mumewe la kujionyesha kwa wateja. Kwa Adventina lilikuwa uthibitisho: kinachofinywa pale hakibaki nyumbani. Kinapanda, kinakwenda mahali, na mahali hapo kuna orodha, na kwenye orodha kuna mtoto aliyekufa ambaye bado anafundisha Kiswahili Gitega.

Alianza kazi hata hivyo. Aliandika mtihani kutoka kwenye daftari lake, swali kwa swali: ngeli, vinyume, barua ya kirafiki, kifungu cha habari kuhusu mkulima wa Ryansoro aliyepoteza jembe. Kila neno lilipigiwa mstari mwekundu, hata yale yaliyo sahihi kabisa, na baada ya muda ukurasa ulionekana kama umekwaruzwa na paka. Alijifunza kutoyatazama. Vidole vyake vilizoea mahali pa herufi, na kuna saa alisahau kuogopa, akaona raha ya kimyakimya ya mwalimu anayeona swali lake limekaa wima katikati ya karatasi nyeupe, bila mkono wake kutetemeka ndani yake.

Alipotaka kuifunga jioni ya kwanza, mashine ilimsimamisha. Kisanduku kilitokea katikati, kikauliza kama anataka enregistrer. Chini palikuwa na majibu, na moja lilianza na ne pas. Ne pas alilijua vizuri. Ni neno la kukataa. Akalichagua, akapumua, akafunga.

Kesho yake ukurasa ulikuwa mweupe.

Aliutafuta mtihani wake kama anavyotafutwa mtoto sokoni, akifungua kila kilichofunguka. Haukuwepo. Hidaya, aliyeitwa kwa kugongewa ukuta, alishika kichwa. Alimweleza pole pole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba asiyefinya Enregistrer anatupa kazi yake, na kwamba hakuna njia nyingine. Adventina aliitikia kwa kichwa. Akaanza upya. Na alipofika jioni alikitazama kitufe cha bluu, mkono ukasogea, ukarudi.

Akapata njia yake mwenyewe. Hakuifunga tena. Kompyuta ilibaki imewaka, waya ukiwa ukutani mchana kutwa na usiku kucha, imefunikwa kitenge ili mwanga wake usiwaamshe watoto. Aliwakataza wasiiguse wala wasipite karibu na waya. Umeme ulipokatika, jambo ambalo Gitega si habari, alisimama jikoni bila kupumua, akisikiliza kama bado inavuma. Betri yake kuukuu iliishikilia kwa muda mfupi, na kila mara umeme ulirudi kabla haijazima. Darasani akiandika ubaoni, nusu yake ilikuwa nyumbani, imeinama juu ya kitenge. Mtihani ulikamilika siku ya Ijumaa. Ulikuwa mzuri, na ulikuwa unaishi kwa pumzi ya waya.

Jumamosi asubuhi simu ililia kutoka Muyinga, kwenye mlima alikoishi mama yake. Mama alikuwa hoi kwa malaria, hali chakula, na anaongea maneno ya ajabu.

Maneno ya ajabu. Adventina alielewa kabla hajauliza ni maneno gani. Huko mlimani, kwenye chumba chenye wanawake wa kanisani, mdomo uliofungwa miaka yote ile ulikuwa umefunguka kwa homa.

Alikuwa na hofu mbili sasa, na hakuweza kuziacha hata moja nyumbani. Aligonga ukuta. Hidaya alikuja, akasikia, akatoa pole za mgonjwa, kisha akaitazama kompyuta iliyofunikwa.

“We uko unaenda nayo?”

Adventina alisema hawezi kuiacha. Umeme ukikatika hakuna wa kujua. Hidaya alifungua mdomo kusema jambo, akauona uso wake, akaliacha.

“Basi ufunge kifuniko tu. Usifinye kitu. Italala, haitakufa. Lakini betri hii, mwalimu, mi siiamini.”

Aliwaacha watoto kwa Hidaya. Njia nzima hadi Muyinga aliibeba mapajani ndani ya kikapu, imevikwa kitenge, kiganja kimeegemea juu yake kikihisi kama bado kuna joto. Mashamba ya migomba yalipita, vilima vikapita, na yeye hakuona kitu. Alikuwa anasikiliza usingizi wa mashine, akifikiria mdomo wa mama yake.

Kasilda alilala kwenye mkeka karibu na ukuta, amepungua, midomo imepasuka. Muuguzi alikuwa amekwisha kupita na dawa. Wanawake watatu walikaa karibu naye wakiambua maharage. Adventina alipopiga magoti, mama yake alifumbua macho, akamwona, akasema kwa sauti safi kabisa, “Jeska.”

Mmoja wa wale wanawake aliinua uso. Alisema kwamba tangu jana anaita jina hilo. Akauliza Jeska ni nani.

Adventina alisikia damu ikimpanda masikioni. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe, imetulia, ikieleza kwamba Jeska alikuwa mtoto wa ukoo, alikufa kwa surua kambini, na mama hajawahi kumsahau. Wanawake walitikisa vichwa kwa huruma. Mmoja alisema Mungu amrehemu. Adventina aliitikia amina, na alipoitikia alihisi udongo wa baridi ukimwangukia usoni. Alikuwa amejizika mbele ya mashahidi.

Alasiri wanawake walitoka kwenda kupika. Homa ilikuwa inapanda na kushuka. Adventina alivuta kikapu, akaiweka kompyuta juu ya kigoda, akainua kifuniko. Mwanga ulisita, ukaja. Mtihani ulikuwepo, wote, na mistari yake myekundu. Na chini, pembeni, picha ndogo ya betri ilikuwa imekuwa nyekundu pia. Maneno yakatokea: Batterie faible. Faible, dhaifu, alilijua. Ndilo neno ambalo wale wanawake walisema muuguzi amelitumia juu ya mama yake.

Mlimani hapakuwa na umeme. Alitoka hadi mlangoni, akatazama njia ya kwenda mjini, akajua hatafika. Akarudi, akapiga magoti. Alijaribu kuwaza Jumatatu bila mtihani: uso wa Direkta, tabasamu la yule mwalimu kijana, kipindi chake kikifundishwa kwa Kiswahili cha kuungaunga mbele ya watoto aliowafundisha kutamka. Akajaribu kuwaza meza ile nyingine, kibao kile, mwanamume asiyeinua uso. Mshale ulitangatanga kioo kizima kabla haujatua kwenye kitufe cha bluu.

Akafinya.

Kisanduku kilitokea. Ndani yake palikuwa na nafasi ya kuandika, na kabla ya nafasi, neno moja alilokuwa akilingoja tangu siku ya kwanza: Nom.

Lilifuatwa na maneno mengine, du fichier, lakini hakuyaona. Aliona Nom. Na katika nafasi ile mashine ilikuwa imekwisha kuchukua yenyewe mstari wa kwanza wa mtihani wake, Jina la mwanafunzi, ikaupaka rangi ya bluu, kana kwamba inarudia swali kwa Kiswahili ili asije akasema hakuelewa. Aliweka kidole juu ya herufi A. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake, jibu lililompitisha kila mlango. Kidole kilikaa pale.

“Jeska,” mama yake aliita kutoka mkekani.

“Karame,” alijibu, kama mtoto wa Kirundi anavyomwitikia mzazi, na hakuwa amejibu jina hilo tangu kambini. Mkono wake ulikuwa umekwisha kusogea. Aliandika herufi tano. Hapakutokea mstari mwekundu chini yake. Akafinya tena, kisanduku kikaondoka, na juu kabisa ya ukurasa, mahali ambapo hapakuwa na kitu, likakaa jina hilo. Alilitazama. Kisha kioo kikazima, akabaki akiutazama uso wake mwenyewe katika weusi.

“Unafanya nini?” mama aliuliza. Macho yake yalikuwa na akili sasa, na jasho lilikuwa limeanza kumtoka.

“Nimeandikisha, mama.”

“Umewaambia jina gani?”

“Jeska.”

Kasilda alijaribu kuinuka kwa kiwiko, akashindwa. Alitazama mlangoni, kisha binti yake, kisha mlangoni tena.

“Hawakukurudisha?”

“Hakuna watu, mama. Ni mashine tu.”

“Hata pale palikuwa na mashine, mwana wanje,” alisema Kasilda, akimwita mwanangu kwa Kirundi, na hofu iliyokuwa usoni mwake haikuwa ya homa.

Jumapili homa ilishuka, mgonjwa akanywa uji, na Adventina akarudi Gitega na kikapu chake, asijue kama kilichomo kina kitu au ni ganda.

Jumatatu alifika shuleni kabla ya watu. Direkta Gervasi alimruhusu kuchomeka waya ofisini kwake. Ilichukua muda kuamka. Ilipoamka, ilikuwa imemweka pale mbele kabisa, peke yake kwenye uwanja mtupu wa kioo: kikaratasi kidogo kilichochorwa, na chini yake jina. Mtihani haukupotea. Adventina aliona ukuta ukisogea. Alikuwa ameogopa siku mbili kwamba hautakuwepo, na sasa aliogopa kwa sababu upo, na unaitwa hivyo, na hajui namna ya kuuita vinginevyo.

Direkta alichomeka flashi yake, akavuta miwani.

“Iko wapi, Mwalimu? Ni hii? Jeska?” Akageuka. “Jeska ni nani?”

Direkta hakungoja jibu. Alieleza, kwa wema wa mtu anayependa kufundisha wakubwa, kwamba mtihani hauitwi hivyo, kwamba kuna Renommer, kubadili jina, kwamba anafuta hili anaweka Swahili, mwaka wa sita, na kazi imekwisha. Jina lilikuwa tayari limepakwa bluu. Kidole chake kinene kilikuwa juu ya kitufe cha kufutia.

“Liache, Bwana Direkta.”

Sauti ilikuwa ndogo. Lakini kidole kilisimama.

“Mtihani unaitwa Jeska?”

“Liache tu.”

“Ni mtoto yako?”

Adventina alishika ukingo wa meza. Nje, watoto walikuwa wanaanza kuingia uwanjani, na wote walimjua kwa jina lililokuwa limeandikwa kwenye ratiba, ukutani, mgongoni kwa Direkta.

“Ni jina langu la nyumbani,” alisema.

Direkta alimtazama juu ya miwani. Ulikuwa mtazamo mrefu, au hofu iliurefusha. Kisha mashavu yake yakalegea.

“Aa. Mi nyumbani baniita Kadogo. Hata leo, na tumbo hii.” Akacheka peke yake, akageukia kioo, akavuta kile kikaratasi hadi kwenye flashi, akakiachia. Mstari wa kijani ulijaa polepole.

“Voilà,” alisema, akichomoa. “Jeska imeingia.”

Alisema kwa sauti ya kawaida, mlango ukiwa wazi. Adventina alibaki amesimama, mikono bado kwenye ukingo wa meza, akingoja swali linalofuata. Lakini Direkta alikuwa amekwisha kuinama chini ya meza, anatafuta karatasi za fotokopi, akinung'unika kwamba hakuna anayezirudisha mahali pake.